Mbegu Zilizobadilishwa Jeni: Tuzipime kwa Mizani Gani?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti ni nyumba chache zisizoujua muhogo. Mahindi yakikauka kwa jua, muhogo hubaki ardhini kama akiba. Ulezi na mtama vikipungua ghalani, unga wa udaga huongezwa ili chungu kisilale kitupu. Lakini kwa muda wa miaka ishirini hivi akiba hiyo imeingiliwa na mwizi asiyeonekana. Shina limesimama, majani ni mabichi, mkulima ana matumaini. Siku ya kuchimba aukata mzizi na kukuta ndani umeoza, wenye mabaka ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Ugonjwa huo huitwa michirizi ya kahawia.

Ng'ambo ya Sirari, katika nchi ya Kenya, wataalamu wamekwisha kuutengeneza muhogo unaoukinza ugonjwa huo kwa njia ya kubadilisha jeni. Kwa upande wetu wa Tanzania, hata majaribio ya mazao ya namna hiyo yamesimamishwa. Barabara ni moja, soko ni moja, Wakuria wa huku na Wakuria wa huko ni ndugu wa koo moja; lakini sheria ni mbili. Hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Mmoja asema, "Hizo ni mbegu za kutuua." Mwingine asema, "Hizo ndizo zitakazotuokoa, nasi twanyimwa." Na baba wa nyumba, aliyeng'oa shamba zima la muhogo mbovu, akae kimya katikati yao asijue la kushika.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa kulifundisha jambo hili kwa utaratibu. Tutaeleza kwanza maana ya maneno. Kisha tutauliza maswali matatu: Je, ni halali? Je, ni salama? Je, mbegu ni mali ya nani? Mwishoni tutasema machache juu ya dawa na mwili wa mtu, na kutoa mashauri kwa ajili ya nyumba zetu.

I. MAANA YA MANENO

Kila kiumbe chenye uhai, mmea, mnyama na mtu, hubeba ndani ya chembe zake maagizo yanayorithiwa kutoka kwa wazazi. Sehemu moja ya maagizo hayo huitwa jeni. Aliyefungua mlango wa elimu hii alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akahesabu watoto wa kila jozi ya mimea kwa uvumilivu mkubwa, na kutangaza matokeo yake mwaka 1865. Wakati wake hakusikilizwa sana. Leo kila mtaalamu wa mbegu ni mwanafunzi wake.

Basi, tupambanue njia tatu, maana watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuchagua. Bibi zetu walifanya hivyo walipotundika juu ya moshi masuke bora ya mtama na mahindi kwa ajili ya msimu ujao.

Njia ya pili ni kupandisha, yaani kuchanganya uzazi wa mimea miwili ili kupata chotara. Mahindi chotara ya Kitale yalianza kutolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, na tangu hapo chotara za namna mbalimbali zimeenea Afrika Mashariki yote. Hizo si mbegu zilizobadilishwa jeni. Vivyo hivyo kuku wa kisasa, nyanya kubwa na embe la kupandikizwa: mtu aweza kuzipenda au asizipende, lakini kuziita kwa jina hilo ni kukosea.

Njia ya tatu ndiyo tunayoizungumzia. Mtaalamu huchukua jeni moja au chache, pengine kutoka kiumbe cha aina nyingine kabisa, kwa mfano bakteria wa udongoni, na kuziingiza ndani ya mmea katika maabara. Siku hizi ipo na njia nyepesi zaidi, iliyoelezwa mwaka 2012, ambayo ni kama mkasi: hukata maagizo mahali palipokusudiwa na kuyarekebisha papo hapo. Akina mama wawili wataalamu, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kuigundua.

Mpaka tunapoandika haya hakuna zao lililobadilishwa jeni ambalo limeruhusiwa kulimwa na wakulima wa Tanzania. Kwa hiyo asemaye kwamba maduka ya pembejeo ya Tarime yamejaa mbegu hizo, na alete ushahidi.

II. YALIYOTENDEKA MPAKA SASA

Yafaa kujua ya kuwa muhogo wenyewe si mwenyeji wa Afrika. Uliletwa kutoka Amerika na Wareno, kama yalivyoletwa mahindi. Na ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu: mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mtaalamu H. H. Storey aliueleza. Huko huko Amani wataalamu waliupandisha muhogo na jamaa yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceará, ili kupata muhogo wenye kustahimili magonjwa. Uzao wa kazi ile ulifika hata Nigeria, ukatumiwa kuzalisha aina nyingine nyingi. Twaona basi kwamba babu zetu walikwisha kula muhogo wenye damu ya mti wa mpira, kabla neno jeni halijasikika vijijini.

Kwa miaka mingi michirizi ya kahawia ilikuwa ugonjwa wa pwani na nchi za chini. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, na baada ya hapo ukaizunguka nchi yote ya Ziwa. Hubebwa na inzi weupe wadogo, lakini hubebwa zaidi na sisi wenyewe, tunapopeana pingili kutoka shamba lenye ugonjwa. Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimefanya kazi ya kupandisha na kuchagua, na aina iitwayo Mkombozi, inayovumilia magonjwa kuliko muhogo wa zamani, ni tunda la kazi hiyo.

Wataalamu wa Kenya na Uganda, pamoja na wenzao wa Marekani, walichukua njia ya tatu. Waliingiza katika muhogo kipande kidogo cha maagizo ya kirusi chenyewe, ili mmea ujifunze kumtambua adui na kumzima. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa viumbe hivyo iliruhusu muhogo huo utoke katika mashamba ya uzio na kuingia majaribio ya wazi ya taifa. Kuhusu mahindi, Kenya ilizuia chakula kilichobadilishwa jeni kuingia nchini mwezi Novemba 2012. Baraza la Mawaziri likaondoa katazo hilo tarehe 3 Oktoba 2022. Kesi zikafunguliwa, na mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaamuru mambo yasimame wakati rufani ikisubiri. Pamba pekee ndiyo iliyokwisha kufika kwa wakulima wa huko, tangu mwaka 2020.

Uganda nako mambo hayakuwa mepesi. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 na tena mwaka 2018, lakini Rais Museveni hakutia sahihi mara zote mbili. Hali hii yatuhusu sisi wa milima ya Tarime tupandao migomba, maana ni katika kituo cha Kawanda, Uganda, ambako tangu mwaka 2010 ilijaribiwa migomba yenye jeni za pilipili hoho, ili kukinza mnyauko wa bakteria.

Na Tanzania je? Kanuni zetu za mwaka 2009 zilikuwa kali: aliyeingiza au kutumia kiumbe cha namna hiyo angewajibika kwa madhara yoyote, hata kama hakuwa na kosa. Mwaka 2015 kanuni zilirekebishwa ili kuwapa watafiti nafasi. Mwezi Oktoba 2016 mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Mwezi Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe, kwa kuwa matokeo yalikuwa yametangazwa pasipo idhini. Mapema mwaka 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa utafiti huo.

III. JE, NI HALALI?

Wapo wasemao: "Mungu ameumba muhogo kuwa muhogo na bakteria kuwa bakteria. Kuchanganya ni kumpinga Muumba."

Twajibu kwa kupambanua. Mungu alimpa mtu bustani ailime na kuitunza. Kulima kwenyewe ni kubadili: hindi tulilo nalo leo halifanani na nyasi ya Mexico lilikotoka. Na maumbile yenyewe huchanganya. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba viazi vitamu, chakula cha kila siku katika nchi ya Ziwa, vina ndani yake vipande vya jeni za bakteria wa udongoni, vilivyoingia zamani sana bila mkono wa mtaalamu yeyote. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa tendo lenyewe, la kuhamisha jeni kutoka mmea hadi mmea, ni dhambi kwa asili yake. Kanisa halijafundisha hivyo.

Lakini halifundishi pia kwamba kila linalowezekana lafaa kutendwa. Kutunza bustani ni sehemu ya amri ile ile ya kuilima. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisema ni vigumu kutoa hukumu moja juu ya mbegu hizi zote, maana zatofautiana. Alikiri kwamba hakuna ushahidi wa hakika kuwa nafaka hizo zimewadhuru watu. Kisha akaonya juu ya mashamba kukusanyika mikononi mwa wachache na wakulima wadogo kusukumwa pembeni. Akataka mjadala mpana na wa kweli, ambamo mkulima mwenyewe anasikilizwa. Huo ndio mwongozo tunaoufuata katika makala haya. Halali au haramu ya mbegu hutegemea imetengenezwa kwa kusudi gani, imepimwaje, na nani atabeba gharama yake.

IV. JE, NI SALAMA?

Hapa uvumi ni mwingi kuliko elimu. Mwezi Septemba 2012 Mfaransa mmoja, Gilles-Éric Séralini, alitangaza kwamba panya waliolishwa mahindi ya namna hiyo walipata uvimbe mkubwa. Picha za panya wale zilienea dunia nzima, na katazo la Kenya lilifuata miezi miwili baadaye. Mwaka 2013 jarida lililochapa utafiti huo liliufuta, kwa kuwa panya walikuwa wachache mno na wa ukoo unaopata uvimbe hata bila sababu hiyo. Ulichapwa tena katika jarida jingine mwaka 2014, lakini haukuwashawishi wataalamu wengi. Mazao hayo yalianza kulimwa kwa wingi mwaka 1996, na mwaka 2016 mabaraza ya sayansi ya Marekani, baada ya kupitia mamia ya tafiti, hayakuona ushahidi wa kuaminika kwamba vyakula vilivyokwisha kuruhusiwa humdhuru mlaji kuliko vyakula vya kawaida.

Je, yatosha? Kwa mazao yaliyopimwa, ni ushahidi wenye uzito. Kwa zao jipya, kipimo kipya chahitajika. Kila mbegu ihukumiwe kwa nafsi yake.

Tena usalama si wa tumboni tu. Mahindi yanayojitengenezea sumu ya kuua bungua yalilimwa Afrika Kusini tangu miaka ya 1990. Ilipofika mwaka 2006 bungua wenyewe walikuwa wameanza kuizoea sumu ile. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya namna hiyo mwaka 2008. Wadudu walipungua, lakini nyuzi za pamba zilikuwa fupi kuliko za zamani, sifa ya pamba yao sokoni ikaharibika, na baada ya miaka michache wakairudia mbegu yao ya kwanza. Wakulima wa pamba wa Serengeti wana sababu ya kulikumbuka jambo hilo: jeni nzuri ndani ya mbegu isiyofaa bado ni hasara.

Sasa tuwakumbushe watu wa Mara jambo lao wenyewe. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime kama ilivyokuwa kabla Rorya haijatengwa mwaka 2007, watu 39, hasa watoto na akina mama, walipooza miguu ghafula. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena hali yake. Akili ilikuwa safi, mikono ilifanya kazi, lakini kutembea kulikuwa kwa taabu maisha yote. Madaktari waliutambua ugonjwa huo kuwa ni konzo, jina lililotoka Kongo, ulikoandikwa tangu mwaka 1938. Chanzo chake ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, nayo hutoka kwa kuumenya, kuuvundika na kuukausha siku za kutosha. Njaa ilipobana, watu walifupisha siku. Wala hapakuwa na samaki au maharage ya kutosha kuusaidia mwili kuishinda sumu.

Muhogo ule haukubadilishwa na maabara yoyote. Ulikuwa wa asili kabisa. Basi tusidanganyike kwamba cha asili ni salama daima na cha maabara ni sumu daima. Usalama wa chakula hutoka katika elimu, kipimo na mkono mwangalifu wa mpishi.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi wataalamu wasituondolee sumu hiyo kwa kubadilisha jeni? Wamekwisha kujaribu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipatikana mihogo ya maabara yenye sumu kidogo sana. Lakini mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi ya Serengeti ajua kwa nini bado anapanda muhogo mchungu: nyani na nguruwe pori huupita na kwenda kwenye mtamu. Ukimwondolea uchungu, umemwondolea mlinzi. Hilo mtaalamu wa mbali asingelijua pasipo kuuliza. Ndiyo maana twasema mkulima apewe kiti katika mjadala. Ana elimu ambayo maabara haina.

V. MBEGU NI MALI YA NANI?

Hili ndilo swali linalotugusa zaidi, nalo halizungumzwi vya kutosha.

Mahindi chotara, yawe yamebadilishwa jeni au la, hununuliwa kila msimu, maana mbegu ya kutoka shambani haizai tena sawasawa. Mkulima wa Tarime amekwisha kuizoea gharama hiyo. Lakini muhogo ni zao la ujirani. Mama hukata pingili na kumpa mkwe wake, mkwe humpa jirani, na hakuna risiti. Je, siku moja pingili hizo zitakuwa na mwenyewe anayekaa mji wa mbali, mwenye haki ya kudai malipo?

Wenye miradi wa Afrika Mashariki wameahidi kwamba jeni za muhogo na za mahindi ya ukame zitatolewa bila malipo ya hakimiliki kwa wakulima wadogo. Ahadi ni njema. Lakini kampuni iliyotoa jeni ya mahindi ya ukame, Monsanto, ilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni nyingine, Bayer. Kampuni hubadilika wenyewe kama shamba linavyobadilika mpangaji. Kwa hiyo ahadi ya mdomo haitoshi. Iandikwe katika sheria ya nchi, kwa lugha ambayo mkulima aisoma. Tangu mwaka 2012 tunayo sheria inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Ni haki mgunduzi apate ujira. Lakini haki ya mama kumpa jirani pingili nayo ilindwe, maana jamii zetu zimevuka njaa nyingi kwa mkono huo.

Nasi twatoa maoni yetu waziwazi. Wanaotaka mlango ufunguliwe wazi kesho wanasahau Burkina Faso. Wanaotaka ufungwe daima wanasahau mkulima ambaye shamba lake limeoza. Kusimamisha biashara mpaka ijulikane ukweli ni busara. Lakini kuzima hata utafiti wa wataalamu wetu, ndani ya uzio, chini ya sheria na macho ya umma, kwatufanya tuhukumiwe kwa elimu ya wengine. Siku mbegu itakapovuka Sirari ndani ya gunia, na mpaka ule hauna ukuta, ni nani kwetu atakayeitambua, na kwa kipimo gani? Nchi isiyojifunza haiwezi hata kukataa kwa akili. Twaona utafiti ungerudishwa, matokeo yatangazwe hadharani kwa idhini, na gharama isibebwe na wauzaji mbegu peke yao, ili mpimaji asiwe mtumishi wa mfanyabiashara.

VI. DAWA NA MWILI WA MTU

Yupo mtu anayelaani kila kitu cha jeni, na asubuhi huchoma sindano ya insulini kwa ajili ya kisukari chake. Insulini hiyo, tangu mwaka 1982, hutengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya binadamu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, inayochanganywa katika chanjo wanayopewa watoto wetu zahanati, hutengenezwa na hamira iliyobadilishwa jeni. Hatusemi hivyo ili kumcheka mtu, bali ili tuone ya kuwa elimu hii imekwisha kuokoa maisha nyumbani mwetu.

Jambo lililo karibu zaidi na watu wa Ziwa ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Huko Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, na nchi ya Ziwa ina wengi. Kosa dogo katika jeni moja hufanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu, zizibe mishipa, na kumtesa mtoto kwa maumivu makali. Mtoto huugua akiwa amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Si laana wala uchawi, wala mama peke yake asilaumiwe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayorekebisha jeni katika uboho wa mgonjwa mwenyewe kwa ule mkasi tuliousema. Kanisa, katika maelekezo Dignitas Personae ya mwaka 2008, limekubali kimsingi tiba ya jeni inayomponya mgonjwa mwenyewe. Lakini bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Ugonjwa uko Afrika, tiba iko kwa matajiri: hapa neno lililobaki ni haki.

Tofauti kabisa ni tendo la He Jiankui wa China, aliyetangaza mwezi Novemba 2018 kwamba amebadilisha jeni za watoto wawili wangali viinitete, mabadiliko yatakayorithiwa na uzao wao. Alihukumiwa kifungo mwaka 2019. Kumtibu mtoto ni kumtumikia. Kumfanyia jaribio kabla hajazaliwa, na kuwafungia ndani yake wajukuu wasioulizwa, ni kumfanya chombo. Mipaka hii Wakristo tuishike imara.

VII. MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

Kwanza: Tuseme kweli. Tusiite chotara au kuku wa kisasa jina lisilo lao. Uvumi juu ya chakula ni aina ya wizi, maana humwibia mwenzako amani yake mezani.

Pili: Pingili za muhogo zisivushwe mpakani kwa siri, ziwe za kawaida au zilizobadilishwa. Hata zisizo na jeni ngeni zaweza kuleta ugonjwa katika kijiji kizima. Mwulize afisa ugani mahali zinapopatikana pingili safi, na mche wenye dalili ung'olewe mapema.

Tatu: Muhogo mchungu uvundikwe na kukaushwa siku zake zote, hata njaa ikibana, na ugali wa udaga uliwe pamoja na dagaa, maharage au maziwa. Hasa mwaka wa ukame tukumbuke mwaka 1985.

Nne: Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wapimwe selimundu. Mtoto mwenye kuvimba vidole, manjano na maumivu ya mara kwa mara apelekwe hospitali mapema. Zipo dawa zinazopunguza mateso hata kabla tiba mpya haijatufikia, na hospitali ya Bugando, Mwanza, ina kliniki kwa ajili hiyo.

Tano: Jambo la mbegu lizungumzwe katika mkutano mkuu wa kijiji na katika jumuiya ndogondogo, na maoni yapelekwe kwa diwani na mbunge. Asiyesema wakati sheria inaandikwa, atakuja kulalamika wakati imekwisha kuandikwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIWA NYUMBANI

1. Eleza tofauti ya kuchagua mbegu, kupandisha chotara na kubadilisha jeni.

2. Kwa nini mkulima anayepakana na hifadhi aweza kuhitaji muhogo mchungu? Yatufundisha nini juu ya kumsikiliza mkulima?

3. Ugonjwa wa konzo wa mwaka 1985 wapinga fikira gani iliyoenea juu ya chakula cha asili?

4. Ikiwa mbegu mpya italetwa kijijini, ni mambo gani matatu mtakayoyauliza kabla ya kuipokea?

Akina baba na akina mama, sheria yaweza kubadilika mwaka huu au mwaka ujao, kwetu au kwa jirani zetu. Mbegu yoyote itakayoletwa mlangoni, nzuri au mbaya, na itukute tunajua kuuliza.